"Ntu" na "Mtu": Dhana za Wasikilizaji Kuhusu Lafudhi ya Uwanda wa Makonde

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania ni jambo la kawaida mtu kudai kwamba amemtambua Mmakonde kabla ya kumwona. Husemwa kwamba inatosha kumsikia akitaja mlango, mtoto au kitabu. Akitamka nnango, ntoto na chitabu, basi kabila lake limekwisha kujulikana, kiasi cha elimu yake kimekadiriwa, na mara nyingi hata kazi anayodhaniwa kuifaa imekwisha kuamuliwa. Hukumu hiyo hupitishwa kwa muda mfupi kuliko ule unaohitajika kuitikia salamu.

Wamakonde hawako peke yao katika jambo hili. Mhaya husemwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuchomekea Kiingereza, na kwa sababu hiyo amepachikwa jina la utani la nshomile. Mtanzania humcheka Mkenya kwa kuagiza chai kwa neno nipe mahali ambapo yeye angesema naomba. Mkenya naye humwona Mtanzania kuwa mtu wa maneno mengi kwa haja ndogo. Upo hata msemo maarufu, wenye matoleo kadha, unaodai kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo. Msemo huo huchekesha, lakini ni ramani ya hukumu: unaipa kila nchi daraja lake kwa kipimo cha matamshi na mazoea ya usemi. La kuzingatia hapa ni kwamba Tanzania Bara imepewa sifa ya ulezi kana kwamba ni mahali pamoja penye sauti moja. Ndani yake, hata hivyo, kuna ramani nyingine ndogo ya hukumu, na katika ramani hiyo kusini-mashariki ya nchi, yaani Tandahimba, Newala na Masasi, imewekwa pembezoni.

Makala haya yanachunguza dhana mgando zilizojengwa juu ya lafudhi ya sehemu hiyo. Kwa dhana mgando kunakusudiwa fikra ya jumla kuhusu kundi la watu ambayo imekwisha kukauka kiasi kwamba mfano unaoipinga hauitikisi. Inadaiwa kwamba kile kinachoitwa "lafudhi ya Kimakonde" ni kitu kilichoundwa zaidi na masikio ya wasikilizaji kuliko vinywa vya wazungumzaji. Madai haya hayamaanishi kwamba tofauti za matamshi hazipo. Zipo, zina kanuni, na nyingine zitaelezwa kwa kirefu. Linalopingwa ni daraja linalojengwa kutoka kwenye sauti kwenda kwenye akili na tabia ya mtu.

2.0 Lugha tatu chini ya jina moja

Uwanda wa Makonde umeinuka kaskazini ya Mto Ruvuma. Newala iko kwenye ukingo wake wa magharibi, na Tandahimba, wilaya iliyotengwa na Newala katika miaka ya 1990 na inayojulikana zaidi kwa korosho, iko upande wa mashariki. Masasi iko nje ya uwanda, magharibi yake, katika nchi ya vilima vya mawe. Chimakonde ndiyo lugha kuu ya juu uwandani. Masasi na mabondeni wapo Wamakua na Wayao kwa wingi, na kwa karne moja na zaidi watu wa lugha hizi tatu wameoana, wameuziana na kuchezana jando pamoja.

Katika uainishaji wa Guthrie lugha zote tatu ziko katika kanda ya P: Chiyao ni P21, Chimakonde P23 na Kimakua P31. Namba hizo zisimpumbaze msomaji akadhani kwamba tofauti ni ndogo. Neno lenye maana ya mtu, ambalo mzizi wake wa Kibantu ni *-ntu, latosha kuwa kielelezo. Myao husema mundu: amebakiza kila kitu, ila t imeghunika kwa sababu ya nazali iliyoitangulia. Mmakonde husema munu, na wingi wake vanu: nazali imebaki, t imemezwa. Mmakua husema mutthu, wingi atthu: nazali ndiyo iliyotoweka, na konsonanti iliyosalia ikapata uzito wa namna yake. Kiswahili chenyewe kimesema mtu, kwa kuidondosha irabu ya mu- pamoja na nazali ya mzizi. Kwa hiyo kila lugha imepoteza au kubadili kitu, na hakuna yenye haki ya kuicheka jirani yake kwa upungufu.

Kutokana na misingi hiyo tofauti, Kiswahili cha watu hawa watatu hakiwezi kuathiriwa kwa namna moja. Kimakua hakina vipasuo ghuna. Hakina b, d wala g za asili. Mzee wa Kimakua aliyejifunza Kiswahili ukubwani huelekea kuzifanya sauti hizo sighuna, na baba kwake huweza kusikika kama papa. Tabia hiyo haipo kwa Mmakonde wala kwa Myao, ambao b, d na g wanazo. Kiambishi chi- cha ngeli ya saba, ambacho huzaa chitabu, kimo katika Chimakonde na Chiyao, lakini hakimo katika Kimakua, ambako ngeli hiyo ina kiambishi e-. Tena chi- hiyo haiishii kusini: Wagogo wa Dodoma wanayo, na Wachewa wa Malawi pia wanayo.

Hata hivyo, msikilizaji wa Dar es Salaam huchota papa kutoka kwa Mmakua, chitabu kutoka kwa Myao na nnango kutoka kwa Mmakonde, akavichanganya katika chungu kimoja na kukiita Kimakonde. Mwigizaji wa vichekesho huchukua mchanganyiko huo akaupeleka jukwaani, na hadhira iliyowahi kuusikia jukwaani hurudi mtaani ikiutafuta katika vinywa vya watu. Anayeukosa kinywani mwa Mmakonde fulani hasemi kwamba dhana yake imekosea. Husema kwamba Mmakonde huyo "amesoma". Hapo ndipo ugumu wa dhana mgando unapoonekana: imejiwekea mlango wa kutokea.

3.0 Sauti zinazochekwa

Sifa inayotajwa zaidi ni matamshi ya m inayotangulia konsonanti. Katika Chimakonde kiambishi mu- kikipoteza irabu yake, nazali inayobaki husilimishwa na konsonanti inayofuata, ikatamkwa mahali pamoja nayo. Mwanamke ni nkongwe, wingi vakongwe. Mwanamume ni nnume, wingi valume. Hapa l yenyewe imevutwa na nazali ikawa n. Anayezifahamu jozi hizi mbili haitaji maelezo zaidi juu ya nkate na nnango, kwani ni kanuni zile zile zilizofanya kazi katika maneno ya Kiswahili. (Inafaa kukumbusha kwamba msikilizaji asiyejua Chimakonde akisikia nkongwe hudhani kwamba anatajwa mzee sana. Mikwaruzano kadha ya kindoa imeepukwa kwa kueleza jambo hili mapema.) Majina ya mahali nayo yana historia hiyo hiyo. Jina la lahaja ya Chimakonde iliyoelezwa katika sarufi ya Peter Kraal ya mwaka 2005, Chinnima, lina n mbili mahali ambapo mwandishi wa ofisini huelekea kuandika Mn-. Jina la ukoo la Nnauye, linalojulikana nchini kote kwa sababu ya wanasiasa, limeandikwa kwa n mbili bila ya kumzuia yeyote kulisoma.

Jambo moja muhimu husahauliwa. Anayesema ntu hasemi Chimakonde. Chimakonde cha mtu ni munu. Ntu ni neno la Kiswahili lililopitishwa katika kanuni ya sauti ya Chimakonde. Mzungumzaji amekwisha kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, amechagua mzizi wa Kiswahili, ameutumia kwa ngeli yake na upatanisho wake sahihi. Kumwambia kwamba "anaongea kikabila" ni kumnyima stahili ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Tena kanuni yenyewe si geni kwa Waswahili. Usilimisho wa m hupatikana katika lahaja za Pemba na za vijijini Unguja, na hujitokeza katika usemi wa haraka wa mwambao. Mtaalamu wa lahaja akiusikia huko huuandika katika daftari lake kwa furaha kama sifa ya lahaja. Sauti iyo hiyo ikitoka Tandahimba huitwa kosa. Hali kadhalika, mshairi wa Mombasa akisema ndia mahali pa njia, au mtele mahali pa mchele, husifiwa kwa kuitunza lugha ya wahenga. Tofauti kati ya ndia na nnango haimo katika isimu. Imo katika historia ya nani alihesabiwa kuwa mwenye lugha na nani alihesabiwa kuwa mgeni wake.

Sifa ya pili ni urefu. Katika Chimakonde irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho wa kirai hurefushwa, na urefu huo humwonyesha msikilizaji kwamba kirai kinafikia kikomo. Lugha ina toni pia, na toni nyingi hujipanga karibu na silabi hiyo. Kiswahili kina mkazo katika silabi iyo hiyo lakini hakina toni, na urefu wake ni mdogo. Mmakonde anapozungumza Kiswahili huelekea kuubeba mpangilio wake wa kirai, na matokeo yake asiyeuzoea husema kwamba watu wa kusini "wanavuta maneno". Kutoka kuvuta maneno hufikiwa uzito wa ulimi. Kutoka uzito wa ulimi hufikiwa uzito wa akili. Hatua hizo mbili za mwisho hazina ushahidi wowote wa kiisimu, na ni ajabu kwamba mwendo huo huo wa kurefusha, ukisikika katika Kiswahili cha Zanzibar, huitwa ulaini na ustaarabu.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1960, Wallace Lambert na wenzake walitumia mbinu ambayo ingefaa sana kutumiwa hapa. Huko Montreal, Kanada, walirekodi wasomaji waliozimudu lugha mbili, kila mmoja akisoma kifungu kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kisha wakawasikilizisha watu ambao hawakujua kwamba sauti hizo mbili zilikuwa za mtu mmoja. Kwa sifa nyingi, ikiwamo akili na hata urefu wa kimo, mtu yule yule alipewa alama za juu aliposoma Kiingereza. Na Wafaransa wa mji huo nao waliipendelea sauti ya Kiingereza. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayopaswa kuwatia wasiwasi watafiti wa Kiswahili. Dhana mgando haikai kwa anayecheka peke yake. Anayechekwa huinywa, na yapo mazungumzo ya kila siku ambamo kijana wa Newala aliyehamia mjini huwa wa kwanza kumsahihisha ndugu yake mbele ya wageni.

4.0 Ndonya na herufi s

Chimakonde hakina s ya asili. Maneno yenye sauti hiyo yalipoingia, wazungumzaji wa vizazi vya zamani waliyapokea kwa sauti iliyo karibu, ndipo samahani ikasikika kama chamahani. Vijana waliopita shuleni wanaitamka s bila taabu, lakini chamahani bado ni mtaji wa wachekeshaji.

Maelezo yaliyotolewa na baadhi ya wageni wa enzi za ukoloni kuhusu upungufu huo ni kielelezo kizuri cha jinsi elimu inavyoweza kuvalisha dhana mgando joho. Walidai kwamba chanzo chake ni ndonya, pambo la mti lililovaliwa na wanawake katika mdomo wa juu: mama mwenye ndonya hawezi kutamka s, na mtoto hujifunza lugha kwa mama. Hoja hii ina sura ya mantiki, na hadi leo husimuliwa. Lakini haiwezi kusimama. Wanawake wa Kimakua nao walivaa ndonya, na Kimakua kina s. Jina, kwa mfano, ni nsina. Zipo pia lugha nyingi ulimwenguni zisizokuwa na s, ambazo wazungumzaji wake hawakupata kutoboa midomo. Mabadiliko ya sauti katika lugha za Kibantu huelezwa kwa historia ya mfumo mzima wa konsonanti, na mfumo hausubiri pambo. Nadharia ya ndonya haikudumu kwa nguvu ya ushahidi wake. Imedumu kwa sababu ilikuwa tayari inajulikana kwamba Mmakonde ni mtu wa ajabu, na ilihitajika tu sababu ya lugha yake kuwa ya ajabu vilevile.

5.0 Dhana ya kuchelewa

Hudhaniwa pia kwamba watu wa kusini wana lafudhi nzito kwa kuwa Kiswahili kiliwafikia wakiwa wamechelewa. Tarehe zinakanusha. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mwaka uliofuata alitoa mkusanyo juu ya Chiyao, na mwaka 1876 juu ya Chimakonde. Mwaka huo huo wa 1876, akiwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu, UMCA, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar hadi Masasi, wakaanzisha makazi huko. Wengi wao walikuwa na asili ya bara, na lugha waliyokuwa wamejifunza pamoja Zanzibar ilikuwa Kiunguja. Chauncy Maples, aliyefanya kazi katika eneo hilo, akatoa mkusanyo wake juu ya Kimakua mwaka 1879.

Kwa maneno mengine, Kiunguja kilikuwa kikizungumzwa chini ya vilima vya Masasi zaidi ya nusu karne kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukiteua kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kabla ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930. Hapo hazijahesabiwa njia za biashara zilizopanda kutoka Mikindani na Lindi. Mtu aliyesoma katika shule za misheni za kusini mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu zaidi na Kiswahili cha vitabu kuliko wengi wa wakazi wa sehemu nyingine za bara.

Usanifishaji wenyewe ulishughulika na tahajia, msamiati na sarufi. Matamshi yaliachwa yajitafutie njia, na tangu hapo hayajawahi kuwekewa kiwango kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Pengo hilo lilizibwa na redio, na redio ilikuwa Dar es Salaam. Msikilizaji anayesema kwamba yeye hana lafudhi kwa kawaida anamaanisha kwamba lafudhi yake ndiyo iliyokuwa karibu na kipaza sauti.

6.0 Jina lililoingia mtaani

Dhana mgando haihitaji sentensi. Wakati mwingine neno moja latosha. Wamachinga ni jamii ya mkoa wa Lindi, jirani na ndugu wa Wamwera na Wamakonde. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, vijana wengi kutoka kusini walifika Dar es Salaam na kufanya biashara ndogondogo za kutembeza mikononi, na jina la Wamachinga likawaenea wote, kisha likawaenea wafanyabiashara wadogo wa kila kabila. Leo ni istilahi ya serikali na ya magazeti. Liko jengo la Machinga Complex huko Ilala, na uhamishaji wa wafanyabiashara hao kutoka barabarani mwaka 2021 uliripotiwa kwa jina hilo hilo nchini kote.

Sarufi ya neno imebadilika pamoja na maana. Jina la kabila ni Mmachinga na Wamachinga. Jina la kazi husikika mara nyingi kama machinga katika umoja na wingi, na mitaani hutumika sawa na majina ya vyombo. Ipo etimolojia ya mtaani inayodai kwamba neno limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao. Etimolojia hiyo haina haja ya kuaminiwa, kwa kuwa jina la kabila lilikuwapo kabla ya biashara. Hata hivyo inafaa kuulizwa kwa nini inapendwa. Labda jibu ni kwamba inawapa wasemaji njia ya kulitumia neno bila kukiri kwamba jina la watu limegeuzwa kuwa jina la hali ya chini.

7.0 Darasani

Hasara kubwa ya dhana hizi haipatikani jukwaani bali shuleni. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini tangu mwaka 1967, na mtoto wa Tandahimba hupimwa kwacho kuanzia darasa la kwanza. Katika imla mwalimu husoma mtoto. Mwanafunzi aliyesikia neno hilo nyumbani na mtaani kwa sauti ya ntoto huandika alivyozoea kusikia. Ameandika kwa uaminifu sauti aliyoijua, na amekosa tahajia. Haya ni mambo mawili, lakini kalamu nyekundu huyaona kuwa moja.

Mwalimu anayeijua kanuni anaweza kulitengeneza kosa hilo kwa juma moja: katika ngeli ya mtu na ya mti, nazali ya umoja inayotangulia konsonanti huandikwa m hata kama ulimi unasema n. Mwalimu asiyeijua humwambia mtoto kwamba "n ni ya Kimakonde". Mtoto huamini. Kesho yake hukutana na nchi, nne, nta na nje, ambazo n zake ni halali, na akiwa mwangalifu atazigeuza zote. Akiandika mchi mahali pa nchi, ameandika neno jingine kabisa, lenye maana ya mti wa kutwangia, na sentensi yake ya uraia sasa inasema kwamba wananchi wanaupenda mchi wao. Anachekwa mara ya pili, safari hii kwa kosa alilofundishwa.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliwataka Watanzania waendelee kuzitumia na kujivunia lugha za jamii zao. Ni vigumu kujivunia lugha ambayo ndani ya darasa hutajwa tu kama chanzo cha makosa. Na hakuna ushahidi kwamba mtoto aliyenyamazishwa huacha lafudhi. Huacha kunyosha mkono.

8.0 Kivukoni

Ingekuwa kosa kumaliza kana kwamba watu wa uwandani ni wahanga tu wa dhana za wengine. Ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, wapo Wamakonde wa Msumbiji. Wao hawasemi Chimakonde bali Shimakonde. Ch ya kaskazini kwao ni sh katika kiambishi hicho, na Kiswahili chao kina maneno ya Kireno mahali ambapo cha Tandahimba kina ya Kiingereza. Watu wa kaskazini ya mto waliwaita Wamawia, jina lililohusishwa na ukali, na walizicheka shi- zao kwa raha ile ile ambayo Dar es Salaam huzicheka chi- za Newala. Tangu vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964 maelfu yao waliishi Tanzania kama wakimbizi, na wengi hawakurudi. Kijijini, sh na ch ziliendelea kueleza babu wa nani alitoka wapi.

Msomaji wa Biblia atakumbuka habari ya Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Wagileadi waliviteka vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka alitakiwa aseme Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka sh. Walisema Sibolethi, wakauawa hapo kivukoni, 42,000 kwa hesabu ya kitabu hicho. Ni habari ya mto, ya majirani wenye asili moja, na ya konsonanti moja.

Kwa miaka mingi Ruvuma haikuwa Yordani. Watu walivuka kwa mitumbwi kwenda matangani na ngomani, na Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 huko Mtambaswala liliashiria urafiki wa nchi mbili. Hali ilibadilika baada ya mapigano kuanza Cabo Delgado Oktoba 2017, na zaidi baada ya shambulio la kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, Oktoba 2020. Wakimbizi walipovuka, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likawa zito, na katika hali kama hiyo sikio ndicho chombo cha kwanza kushikwa na mtu asiye na karatasi mbele yake.

Isimu inayo maonyo ya kutoa hapa. Nchini Uingereza, maombi ya hifadhi ya watu waliosema kuwa ni Wabajuni wa Somalia yalipimwa kwa Kibajuni chao, na wataalamu wa lahaja za Kiswahili, akiwamo Derek Nurse, walihusishwa. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa mwongozo juu ya matumizi ya uchambuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Msingi wake ni kwamba lugha humwonyesha mtu alikokulia na watu aliokulia nao, na haiwezi kutumika kumpa wala kumnyima uraia. Mtoto aliyezaliwa Tandahimba na mama wa Mueda atasema sh ya mama yake ilhali ni mzaliwa wa Tanzania. Mtoto wa Mueda aliyesoma Newala atasema ch.

Kenya ina mfano wa upande wa pili. Wamakonde waliopelekwa huko kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale kwa vizazi kadha bila ya kutambuliwa kuwa raia. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na Februari 2017 serikali ikawatangaza kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Wajukuu wao wamekulia kati ya Kidigo na Kiswahili cha pwani ya Kenya. Wameandikishwa kuwa Wamakonde, na huenda hakuna hata mmoja wao ambaye msikilizaji wa Dar es Salaam, kwa kumsikia akitaja mlango, angelitambua kabila lake.